Zimwi la "Tutakupigia"

Wewe uliyekaa hapo, mara ya mwisho kupewa mkono, ulihisi kitu?

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa zimwi lenye tai shingoni.

Basi, hapo kale, zimwi lilifungua ofisi juu ya kilima, likatangaza kazi. Nyama halikula. Nyama ya mtu asiye na kazi ina nini? Lilikula joto la viganja.

Shomari akapanda na digrii yake kwenye bahasha, sivii imenyooka, viatu vya kuazima. Zimwi likamshika mkono, likamtikisa, likamwambia, "Tutakupigia."

Akashuka na ganzi kiganjani. Akaitwa intavyuu ya pili, akaitwa ya tatu. Kila mara likamshika mkono, likamtikisa, likamwambia, "Tutakupigia."

Siku moja baba yake Shomari akafariki. Watu wakaja kumpa Shomari mkono wa pole, mmoja mmoja, naye akawa anatikisa tu kama mpini wa pampu. Walipoondoka akamwambia dada yake, Sikudhani, "Dada, nimeshikwa mkono na kijiji kizima. Sikuhisi hata mmoja."

Sikudhani alikuwa anakandika ukuta wa jiko. Hakunawa. Akapanda kilima vilevile, udongo mpaka kwenye kucha, kuudai mkono wa kaka yake.

Zimwi likanyoosha mkono. Sasa, sisi tumefundwa nyumbani: mkono ukiwa mchafu humpi mtu kiganja, unampa kifundo cha mkono. Sikudhani akakunja ngumi, akatoa kifundo.

"Samahani, bosi, nina udongo."

Likashika, likatikisa. Mfupa tu. Likatikisa tena. Mfupa tu. Likatikisa mara ya tatu. Mfupa tu. Njaa ikaliuma.

"Nipe kiganja, binti."

"Kwanza sema. Kazi ipo?"

"Haipo. Haikuwahi kuwepo."

"Na joto la kaka yangu?"

"Nimeshalila. Limebaki la kidole gumba."

"Lete hilohilo."

Likalitema juu ya kifundo chake. Sikudhani akashuka nalo mbio, na kiganja hakutoa.

Akamshika kaka yake mkono. "Unahisi?"

"Gumba tu."

Wakakaa hivyohivyo, wameshikana.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye gumba. Funzo lake: kumpa mtu mkono ni kumwahidi; kama huna cha kuahidi, usiunyooshe.

Nanyi mnaokalia ofisi za vilimani, sori, kwa heshima zenu zote: kama kazi haipo, semeni haipo. Na vidole vinne vya Shomari, virudisheni.