Ngiri na Jiko la Mama Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, mvua ya masika ilinyesha siku saba mfululizo. Ndo! ndo! ndo!

Mama Pimbi alikuwa pangoni na mwanawe mgonjwa. Mtoto anakohoa, kho! kho! Tangu jana hajala. Unga upo, maji yapo. Lakini kuni kavu zimebaki sita tu, na msitu wote umelowa chepechepe. Zikiisha kabla uji haujaiva, mtoto atalala na njaa tena. Mama Pimbi aliogopa, nyie, aliogopa kweli.

"Hodi!" Ni Ngiri, jirani yake.

"Karibu, jirani. Mimi nakoroga uji, nisaidie kuchochea moto."

Ngiri ana moyo mzuri, ila papara zake! Akasukuma kuni zote sita jikoni, pale karibu na mlango. Shindili! shindili! Mdomo wa jiko ukaziba. Akapuliza, fuu! fuu! Moshi ukatanda.

"Ngiri, moto uko wapi?"

"Tulia, Mama. Pafukapo moshi pana moto!"

"Methali haiivishi uji, baba wee!"

Mara mtoto akalia, "Mama, sipumui!"

Mama Pimbi akageuka. Lo! Ngiri kaingiza kichwa na mabega, kaziba mlango wa pango ndi!

"Toka mlangoni! Mtoto hapumui!"

Ngiri akarudi kinyumenyume. Upepo ukaingia, vuu! Mtoto akavuta pumzi. Na kule jikoni, kaa moja likang'aa.

Mama Pimbi akalitazama, akacheka. "Kumbe na wewe ulikuwa hupumui!"

Akazichomoa kuni zote. Akakomba majivu. Akakusanya makaa katikati, akapanga kuni tatu tu, vichwa vimegusana, mikia imeachana. Moto ukawaka. Chungu kikaanza kuimba, togo! togo!

"Sasa nichochee?" Ngiri akauliza, mkono tayari uko kwenye zile kuni nyingine.

"Ziache hizo! Kuchochea si kushindilia, jirani. Hizi tatu zisogeze ndani kadiri zinavyoungua. Polepole."

Ngiri akasogeza, polepole. Uji ukaiva. Mtoto akanywa kata mbili, akalala usingizi mtamu. Kuni tatu zikabaki za kesho. Ngiri akaachiwa chungu alambe.

Tangu siku hiyo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, kichwa nje, asije akamzibia mtu pumzi tena.

Basi, wakubwa kwa wadogo, msaada ukishindiliwa huziba. Moto ni kama mtoto, mpe nafasi apumue.

Hadithi yangu imeishia hapo, na chungu nimekiepua.