Siku Evodia Alipoosha Tangi la Samaki

“Maji ya samaki hayamwagwi yote.” Ndivyo mama yake Melania alivyomwambia bintiye sasa hivi, Melania aliposema kwamba akishaolewa, wiki ya kwanza tu atatoa nje makochi ya mumewe na kupaka kuta rangi mpya. Nanyi mmecheka. Mmeuliza sisi Wahehe wa milimani tumeitoa wapi methali ya samaki. Haya, sogezeni viti. Methali hii ina mwanzo wake, na nilikuwepo ilipozaliwa, nyumbani kwa kaka yangu Fidelis, pale Kihesa.

Fidelis alikuwa fundi umeme. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia binti mmoja, Leokadia, aliyekuwa darasa la tatu. Baada ya msiba mtoto aliacha kuongea. Akiulizwa alijibu, basi. Fidelis akaona amtafutie kitu cha kutunza. Akamtengenezea tangi la kioo sebuleni na kumwekea samaki wa mapambo.

Waliompendeza mtoto kuliko wote walikuwa wawili, dume na jike, wa aina iitwayo ramu. Ni wadogo kama kidole gumba, ndugu wa mbali wa sato, mwili wa manjano ulionyunyiziwa nukta za buluu, jicho jekundu lililokatwa na mstari mweusi. Fidelis aliwafuata Dar es Salaam. Dukani kulikuwa na ramu wenye rangi kali zaidi, lakini walijibanza pembeni wala hawakugusa chakula, akawaacha. Akachagua hawa wawili waliokuwa wakiogelea pamoja na kukimbilia mlo. Muuza samaki akamwonya, “Hawa ni wapole, waweke na wapole wenzao. Wanataka maji ya vuguvugu, tena yaliyokwisha kuzoeleka. Mabadiliko ya ghafla hawayawezi.”

Basi tangi lile lilikuwa na hita ya kupasha maji na chujio la sponji la kuyasafisha, na ramu waliishi na samaki wembamba wenye mstari unaong'aa, na kambare wadogo wa kufagia mchanga. Fidelis aliweka humo kipande cha gogo na majani makavu ya mti wa mkungu, yakayapa maji rangi ya chai nyepesi. Kila Jumamosi baba na binti walitoa ndoo moja tu ya maji, wakarudisha ndoo moja waliyoilaza tangu jana yake na kuipasha kidogo. Ni hapo, mbele ya kioo, ndipo Leokadia alipokuwa anaongea. Aliwasimulia ramu habari za shule, nani kagombana na nani, mwalimu kasema nini. Sisi tulisikiliza tukiwa jikoni, tukijifanya hatusikii.

Kisha Fidelis akaoa tena. Alimwoa Evodia, kutoka Mafinga. Alikuwa mwanamke mwema, nasema mwema na narudia. Alikuja na nguvu za kujenga nyumba. Mwezi haujaisha ameshona mapazia mapya, amehamisha kabati, meza ya chakula imegeuzwa ikatazama dirisha. Picha ya marehemu aliitoa ukutani ili apake rangi, akaifunga kwenye kanga safi na kuihifadhi kabatini. Hakuna aliyemwambia neno. Leokadia alitazama tu.

Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Iringa mwezi wa sita mnaijua. Fidelis alikuwa kazini Makambako. Evodia akayaangalia yale maji yenye rangi ya chai, akaona uchafu. Akawaza, mtoto akirudi shuleni akute tangi linameta, huenda leo akanichekea.

Mchana huo niliwapelekea maharage. Sijavua viatu, Evodia akanishika mkono. “Wifi, njoo uone!”

Maji yalikuwa meupe mno, ungedhani tangi ni tupu. Akanieleza kwa furaha jinsi alivyowatia samaki kwenye beseni, akamwagia mchicha maji ya zamani, akasugua mawe kwa sabuni, akasuuza sponji ya chujio bombani mpaka ikawa kama mpya. Majani ya mkungu alitupa. Kisha akajaza maji ya bomba mpaka juu. Hita ilikuwa mezani, imechomolewa.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimsifu. Dume wa ramu akaruka, akajigonga kwenye kioo, akajigonga tena. Samaki wale wembamba wakaanza kuzunguka kama wamepigwa upofu, mmoja akageuka tumbo juu, kisha mwingine, kisha wote kwa pamoja. Kambare walipanda juu kupiga miayo. Na yule dume, wanangu, rangi ilimtoka tukimwangalia. Manjano ikaondoka, buluu ikazima, akabaki wa kijivu kama jivu lenyewe, amelala ubavu.

“Wifi,” Evodia alisema, “wana nini? Nimewaosha. Nimewaosha tu!”

Mlango ukafunguliwa. Leokadia alisimama na begi lake mgongoni. Alitazama tangi. Hakulia. Alimgeukia Evodia akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto, “Umewatoa kama ulivyomtoa mama ukutani.”

Mfuko wa maharage ulinidondoka. Evodia aliketi palepale sakafuni, kwenye maji, mkono mdomoni. Nilitaka kumkemea mtoto nikaacha, maana alichosema kilikuwa kweli na hakuna aliyewahi kukitamka.

Nikampigia Fidelis simu. Nikaiweka kwenye spika, nikamweleza yote. Kisha akauliza, “Maji ya zamani yamebaki?”

Evodia akashtuka. “Ndoo moja! Ipo nyuma ya mlango, nilikuwa nimwagilie maua.”

“Watieni humo walio hai. Msimimine maji ya moto. Jazeni chupa maji ya moto, ielee ndani, wapate joto polepole.”

Mtoto ndiye aliyewavua kwa kikombe. Evodia aliizungushia ndoo blanketi lake mwenyewe, akaikumbatia. “Usiitikise,” Leokadia alimwambia. “Shika hivi.” Naye akashika hivyo. Dume alikufa kiganjani mwa mtoto. Jike alibaki, na kambare wachache. Evodia na Leokadia walikaa na ile ndoo katikati yao mpaka jioni.

Fidelis aliporudi kesho yake alikuta picha ya marehemu imesharudi ukutani. Akamweleza mkewe taratibu kwamba maji yale hayakuwa machafu. Ndani ya sponji na mawe viliishi vijidudu visivyoonekana, vinavyomaliza uchafu wa samaki, na vyote vilikuwa vimeoshwa. Maji ya bomba nayo yana dawa inayowadhuru samaki yasipolazwa, tena ni ya baridi. Evodia aliinamisha kichwa.

Kisha Fidelis akamgeukia binti yake, hasira imempanda. “Na wewe, nimesikia ulichosema. Kuanzia leo huyu utamwita mama. Sasa hivi, mbele ya shangazi yako. Sema!”

Mtoto akafungua mdomo. Nikajua likitoka neno hilo, litatoka limekufa.

Evodia akasimama katikati yao. “Mwache, Baba Leokadia. Maji ya samaki hayamwagwi yote.”

Aliyeua samaki jana ndiye aliyesema hivyo leo. Fidelis alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa. Leokadia alimtazama yule mwanamke usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

Walilianza tangi upya, ndoo kwa ndoo, na hawakumtafutia jike mwenzake mpaka maji yalipokomaa. Leokadia alimwita Evodia “anti” kwa muda mrefu, na Evodia aliitika vizuri tu. Siku moja tunamenya viazi, siku ya kawaida kabisa, mtoto akauliza, “Mama, chumvi iko wapi?” Evodia alimwonyesha kwa kidole bila kugeuka. Mimi niliyekaa upande wa pili ndiye niliyeuona uso wake.

Basi Melania, unaenda kwa watu waliokuwa wakiishi kabla hujafika. Maji ya samaki hayamwagwi yote.