Kupe Ambao Hawakuwahi Kuliona Josho

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Haya nitakayowasimulia yaliwaacha watu wazima midomo wazi mchana kweupe, na mimi mwenyewe sijatulia tangu niyasikie.

Katika kijiji cha Mwamhela, nchi ya wafugaji, walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Nyamizi alikuwa mfinyanzi, na kipaji chake kilikuwa subira. Chungu chake kilikauka kivulini siku kumi na nne bila kuguswa, hata mvua ikitishia, hata mteja akisimama mlangoni akibembeleza.

Lubinza alikuwa mrina asali, na kipaji chake kilikuwa miguu. Akisema anakwenda mahali, hesabu kwamba amefika. Ulimi wake pia ulikuwa na mbio, lakini hicho hakuna aliyekiita kipaji.

Shinje alikuwa mtunza josho, na kipaji chake kilikuwa mkono. Akimimina dawa kwenye kipimo, haikuzidi tone wala haikupungua tone. Kwa miaka kumi na mitatu, kila Alhamisi, ng'ombe wa kijiji kizima walipita kwake. Walirukia lile shimo refu la maji na dawa, wakaogelea, wakatokea ng'ambo wakichuruzika, na kupe wakapukutika ngozini mwao kama pumba za mtama.

Halafu kupe wakaacha kufa.

Kwanza ilikuwa mmoja mmoja, nyuma ya sikio. Shinje akaongeza dawa. Mwaka uliofuata wakawa vishada vizima. Shinje akaongeza tena, mpaka ng'ombe wakawa wanatoka joshoni macho mekundu, na kupe bado wameng'ang'ania. Ndipo ndigana kali ikaingia, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, unaomvimbisha ndama tezi chini ya masikio na kumkatia pumzi. Msimu ule walizaliwa ndama thelathini na wanane. Walikufa thelathini na mmoja.

Wa Lubinza walikuwa wawili tu, na wote walikwenda. Ng'ombe mama naye akafuata. Nyumbani kwake kulikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akinyweshwa maziwa ya ng'ombe yule, maana mama mtu alikuwa mgonjwa na ziwa limekauka. Mtoto akaanza kukonda.

Kijiji kikaitwa mkutanoni. Mzee Ndalahwa, mwenye zizi kubwa kuliko yote, alisimama mbele ya watu amemshika kamba mtamba mwekundu.

"Nimezika ndama kumi na wanne," alisema. "Atakayeliondoa janga hili katika mazizi yetu, mtamba huyu ni wake. Ni wake mmoja. Simchinji kugawa nyama, wala simpi mtu mguu."

Lubinza akaruka juu. "Janga si lipo pale limekaa? Muulizeni Shinje! Dawa anaichakachua! Tunaogesha ng'ombe kwa maji matupu!"

Watu wakageuka kumtazama Shinje. Mtu mzima yule, aliyewafahamu ng'ombe wao mpaka kwa mabaka, alisimama ili ajitetee. Jiwe likarushwa kutoka nyuma, likampata begani.

Mwenyekiti wa kijiji akapiga kelele watu watulie. Akasema mtu hafukuzwi kwa hasira, hufukuzwa kwa ushahidi. Akatoa miezi miwili. Aliye na ushahidi, wa kumtia hatiani Shinje au wa kumtetea, aulete mkutanoni muda huo ukitimia. Ikionekana dawa ni maji, Shinje na nyumba yake waondoke Mwamhela kabla jua halijazama.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Nyamizi alimwonea Shinje huruma. Aliamini kwamba dawa ni nzuri ila kupe wameizoea, kama mlevi anavyoizoea pombe, leo kibuyu kimoja, kesho viwili. Akawaza, kupe mkubwa ameogeshwa mara nyingi, ndiyo maana amezoea. Lakini kupe aliyezaliwa leo, asiyeijua dawa hata kwa harufu, lazima afe. Akabandua kupe majike walioshiba damu kutoka kwa ng'ombe wa Mzee Ndalahwa, akawatia kwenye chungu kipya, akafunga mdomo kwa kitambaa, akakisimamisha chungu katikati ya karai la maji ili asitoroke hata mmoja. Akangoja. Majike wakataga mayai maelfu kwa maelfu, yenye rangi ya asali, kisha wakafa. Akangoja tena. Alilala chumba kimoja na chungu kile na mwili ukimsisimka, mpaka siku alipochungulia akaona kitambaa kinatembea kwa ndani.

Lubinza naye alikuwa na hasira, na hasira ilimpa safari. Aliwaza hivi: kupe wa hapa watu watawatetea, watasema wamezoea, wamerogwa, wamefanya nini. Basi alete kupe kutoka milimani Ng'wasele, kwa watu ambao josho hawajawahi kuliona kwa macho, ambako hata njia ya gari haifiki. Awatumbukize katika dawa ya Shinje. Wakitoka hai, kesi imekwisha. Siku tano alipanda. Alirudi na mbuzi amembeba mabegani, masikio yamejaa kupe kama mbegu za mbarika, kwa sababu mnyama yule alikuwa amedhoofika kwa kunyonywa damu, asingeweza kushuka makorongo ya huko kwa miguu yake. Kupe walimhamia shingoni. Alifika siku yenyewe ya mkutano, asubuhi, anatetemeka kwa homa, macho yamezama, na bado anasema, "Leo tutajua nani mwongo."

Shinje alileta ndoo. Hakuwa na kingine cha kuleta.

Mwenyekiti alimwamuru aichote dawa joshoni mbele ya macho ya wote, ndoo moja, isiongezwe kitu wala isipunguzwe. Nyamizi akakung'uta humo vitoto vya kupe, vidogo kama punje za ulezi. Vikazama, vikakaa muda wa ng'ombe kuoga, vikachujwa kwa kitambaa na kutandazwa kwenye sinia juani. Watu wakainama.

Sinia likaanza kutembea.

"Mungu wangu," Nyamizi alisema. Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Vitoto vile vilikuwa havijawahi kuguswa na dawa tangu kuumbwa kwao. Havikuwa na siku hata moja ya kuizoea. Na vilikuwa vinapanda ukingo wa sinia kama havikufanywa kitu.

"Maji!" Lubinza alipaaza sauti. "Mmeona? Hata mtoto wa jana hafi! Ni maji!"

Kelele zilizopanda pale hazisemeki. Mke wa Shinje alianza kulia akiwaita watoto wake. Lubinza, ili asibakize neno, akakaa na mbuzi wake, akambandua kupe mmoja mmoja, kupe wakubwa wenye magamba, mia moja na kumi na wawili kwa hesabu ya mwenyekiti. Akawatupa katika ndoo ile ile. Akawachuja na kuwatandaza katika sinia la pili.

Watu wakangoja watembee.

Hawakutembea. Jua likapanda. Lubinza akawagusa kwa kijiti, mmoja, kumi, hamsini. Wamekunja miguu, wamekufa fofofo.

"Ndoo ni ile ile?" Mzee Ndalahwa aliuliza.

"Ile ile," mwenyekiti alijibu.

Lubinza alimtazama Shinje, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwita mchakachuaji. Alikuwa amesafiri siku kumi kwenda na kurudi, amebeba homa shingoni, kwenda kuleta ushahidi wa kumwokoa adui yake. Kijiti kikamponyoka. "Kumbe dawa ni dawa," alisema polepole.

"Ngojeni," Nyamizi akasema. Yeye hakuwa ameacha kuangalia. "Huyu hapa anatembea."

Kweli. Kati ya wale mia moja na kumi na wawili wa milimani, kupe watatu walikuwa wameinuka. Mmoja alikuwa tayari ameufikia ukingo wa sinia.

Hapo ndipo watu walipoingiwa na hofu hasa. Mzee mmoja akauliza, "Hao nao wameizoea wapi? Nani aliwapelekea habari za dawa kule milimani?" Josho halikuwahi kujengwa kule. Na watatu wale walikuwa wagumu tayari, tangu kuzaliwa, kwa jambo ambalo maishani mwao halikuwahi kuwafika.

Shinje akasogea mbele.

"Mzee Ndalahwa, samahani. Lile dume lako lenye nundu kubwa, ulilifundisha kuotesha nundu?"

"Unanifanyia mzaha siku kama ya leo?"

"La, mzee wangu. Ulilipataje?"

"Tangu enzi za baba yangu, madume ya nundu ndogo tunayahasi. Ya nundu kubwa tunayaacha yapande."

"Kuna dume hata moja lililokuza nundu kwa kukiogopa kisu chako?"

"Hakuna. Dume huzaliwa na nundu yake. Ni kwamba wenye nundu ndogo hawakuacha watoto."

Shinje akaitazama mikono yake kama si yake. "Basi na mimi nimefanya kazi hiyo hiyo kwa kupe. Hawakuzoea dawa. Hawakujifunza. Hakuna kupe hata mmoja aliyebadilika. Tangu mwanzo walikuwepo wagumu wachache katikati yao, kama hawa watatu, na hakuna aliyewajua. Nikawaua laini wote. Wakabaki wagumu, wakazaana wao kwa wao. Kila nilipoongeza dawa, nilichuja tena. Miaka kumi na mitatu, kila Alhamisi, nimewafugia kupe."

Aliposema hivyo akafunika uso. Na mke wake, aliyekuwa ameshaacha kulia, akaanza upya.

Kujua si kupona. Ndama waliendelea kufa wiki ile na wiki iliyofuata. Afisa mifugo aliitwa, akaleta dawa ya aina nyingine kabisa, akasema waijaze joshoni kama kawaida. Shinje akakataa.

"Tukiogesha kila ng'ombe kila Alhamisi, tutawachuja na kwa hii pia. Wagumu wa dawa hii wapo tayari mahali fulani, wanatungoja bila kujua kwamba wanatungoja."

Akalifunga josho kwa mkono wake. Kazi aliyokuwa nayo, heshima aliyokuwa nayo, alizitia kufuli siku moja. Dawa mpya ikanyunyiziwa wale ng'ombe waliolemewa tu. Malisho mawili yakapumzishwa, ili kupe waliokuwa majanini wafe njaa. Na kila alfajiri Shinje alikwenda zizi kwa zizi, akawabandua kupe masikioni na chini ya mikia, akawachoma kwenye kopo la makaa. Mwaka mzima. Kucha zake zilipasuka, ngozi ya vidole ikawa kama gome. Ng'ombe wa nyumba iliyomrushia jiwe aliwafanyia vilevile.

Masika yaliyofuata walizaliwa ndama arobaini. Walikufa watatu. Nyumbani kwa Lubinza, ndugu walimkopesha ng'ombe wa maziwa, na yule mtoto akanenepa mpaka akawa anakataa kubebwa.

Mzee Ndalahwa akamleta mtamba mwekundu. Mkutano ukakaa tena.

Nyamizi akasema, "Mimi ndiye niliyengoja. Bila chungu changu, mpaka leo tungesema kupe wamezoea, na kila mwaka tungeongeza dawa mpaka ng'ombe wafe kabla ya kupe."

"Lakini dada," Lubinza akadakia, "chungu chako peke yake kilikuwa kinamfukuzisha Shinje. Ni kupe wangu walioonyesha kwamba dawa ni dawa, na kwamba ugumu ulikuwepo kabla ya josho. Nilikaribia kufa kwa homa ile."

"Ulikwenda kumwangamiza mwenzio!" mtu mmoja akapiga kelele. "Wema uliokuponyoka nao unaudaia zawadi?"

"Na Nyamizi je?" mwingine akajibu. "Alikusudia mema, akaleta hatari. Tunalipa nia au tunalipa tendo?"

Shinje hakutaka kusema. Alipolazimishwa akasema, "Wao walileta maarifa. Maarifa hayakubandua kupe hata mmoja. Mikono hii ndiyo iliyobandua."

"Mikono hiyo hiyo," Lubinza akamjibu, bila ukali safari hii, "ndiyo iliyowafuga."

Shinje akainamisha kichwa. "Ni kweli. Lakini sikujua."

"Hakuna aliyejua," Nyamizi alisema.

Mzee Ndalahwa alizungusha kamba mkononi mara tatu. Alimtazama mwanamke aliyekosea kwa huruma, mwanamume aliyepatia kwa chuki, na yule aliyekiharibu kijiji bila kujua kisha akakiponya kwa kujua. Mwisho akasema, "Mimi nilikuwepo jiwe liliporushwa na sikumkemea mtu. Siwezi kuwa hakimu hapa." Akaiweka kamba chini, akarudi nyuma.

Kamba iko pale, wasikilizaji wangu, na watu wa Mwamhela hawajakubaliana. Usiniambie mtamba agawanywe, maana mzee amekataa. Usiniambie abaki zizini, maana ahadi ni deni. Mtamba ni mmoja na watu ni watatu, na ukimtoa hata mmoja kati yao, ndama wale thelathini na saba waliopona hawapo.

Je, wewe ungeinama kuiokota kamba hiyo ili umkabidhi nani?