Shomvi na Chanjo ya Punje ya Mchele

Ngano inabisha hodi!
— Na ipite, tumeketi!
Imekuja na nini?
— Na kicheko, ituwekee!

Hapo kale palikuwa na mtu akiitwa Shomvi. Simba hakumwogopa. Nyoka hakumwogopa. Sindano, jamani, aliikimbia.

Siku moja habari zikaja kwamba ndui imeingia kijiji cha jirani. Mchanjaji, Bi Siwatu, akawachanja watu begani kwa sindano; Shomvi peke yake akamkwepa. Waliochanjwa wakapata homa, wakatoka lengelenge, wakalazwa wakinyweshwa supu. Shomvi alipoisikia harufu ya supu, akili ikamcheza. Akajificha, akachukua punje ya mchele, akaibandika begani kwa utomvu wa fenesi. Akarudi nyumbani akichechemea. Mwasikia? Bega linauma, yeye anachechemea!

Mkewe, Mashavu, akamhurumia.

"Bega, mume wangu?"

"Linawaka!"

"Kichwa?"

"Kinapasuka!"

"Na supu?"

"Hiyo nitajitahidi."

Mashavu akachinja kuku. Kesho yake, bega linawaka, kichwa kinapasuka, supu anajitahidi. Akachinja mwingine. Siku iliyofuata, vivyo hivyo, na aliyebaki ni jogoo. Mashavu akamkamata, akaingia naye ndani atafute kisu. Jogoo akaliona bega. Akanyoosha shingo. Do! Lengelenge likamezwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Shomvi akaburutwa kwa sikio hadi kwa Bi Siwatu.

"Bwana Shomvi," akasema Bi Siwatu, "mimi umenidanganya, mkeo umemdanganya. Askari walio ndani ya damu yako je? Chanjo ni mdogo wake ndui, asiye na nguvu ya kuua. Askari wakimwona, wanamvamia. Ndiyo homa hiyo, ndilo lengelenge hilo. Wakimshinda, sura yake hawaisahau. Kaka mtu akija, wanamjua tangu mlangoni. Wako wamejifunza kupigana na mchele!"

Shomvi akapiga kelele. Sindano ilikuwa bado mezani.

Safari hii homa ikaja kweli.

"Mashavu, nakufa!"

"Hufi. Askari wako wanajifunza."

"Waambie wajifunze polepole!"

"Haya, kunywa uji."

Homa ikashuka, lengelenge likakauka, likaacha kovu.

Mwezi ulipoandama, ami yake Shomvi akaja kutoka kijiji cha jirani, uso umejaa ndui, akaanguka uani. Shomvi akarudi nyuma hatua moja. Akaligusa bega. Kisha akamwinua mzee, akamlaza, akamnywesha maji, akamwosha vidonda hadi mzee alipopona na kumaliza sahani tatu za ubwabwa kwa mkao mmoja. Ndui ikamzunguka Shomvi, haikupata pa kuingilia.

"Mwanangu," ami akauliza, "hukuniogopa?"

"Ndui yako, ami, askari wangu walikwisha kuiona. Nilichoogopa ni zile sahani zako tatu za ubwabwa."

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye masikio amebeba, mwenye mdomo akaitue kwao.