Chandarua cha Vifaranga

Hadithi ipo mlangoni.

Ifungulieni.

Ina matope miguuni.

Iingie hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale, zamani wanyama walipokuwa wakioana na kugombana kama sisi, Bi Ngedere alikuwa uani kwake anapepeta mtama. Ungo ulikuwa mkononi, pumba zimemjaa kichwani, na mwanawe wa mwisho, Kitinda, amemng'ang'ania mgongoni. Mara Hondohondo akatua juu ya ua na mdomo wake mkubwa.

Hondohondo akasema ametumwa na Bibi Kima wa bondeni. Mikuyu imeiva. Bibi anawaita wajukuu wote waende wakae naye likizo.

Bi Ngedere akatabasamu. Bibi Kima alikuwa mama wa mumewe.

"Fanya haraka," Hondohondo akaongeza. "Mwenzako Bi Mbega amekwishafika, na Bibi amempa chumba cha mbele."

Tabasamu likafa pale pale. Mtama ukamwagika, na kuku wakala.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bibi Kima alikuwa na wana wawili. Mkubwa alimwoa Bi Mbega, mwenye manyoya marefu meusi na meupe, akitembea utadhani kavaa joho. Mdogo alimwoa Bi Ngedere, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya vumbi. Tangu siku ya harusi, Bi Ngedere alikuwa akimtazama Bi Mbega na kifua kikimwasha.

Na pale kwa Bibi Kima palikuwa na desturi. Jioni ya kuagana, bibi alimkabidhi mkwe mmoja mwiko wa kupakulia chakula. Aliyepewa mwiko ndiye aliyeaminiwa na nyumba. Mwaka uliopita aliupata Bi Mbega. Mwaka wa kabla yake, Bi Mbega.

"Mwaka huu mwiko ni wangu," Bi Ngedere akajiambia.

Akafunga mizigo. Akatia nguo mpya fupi fupi alizowashonea watoto, akatia na mafuta ya kunukia. Binti yake mkubwa, Zawena, akamuuliza kuhusu chandarua, kile ambacho Bibi alimletea mama yake mwaka jana na kumwagiza akishuka bondeni aje nacho.

Chandarua kilikuwa uani. Bi Ngedere alikuwa amekitandaza juu ya vifaranga ili mwewe asiwachukue, maana kule kilimani kwenye mawe na baridi hakuna mbu, na chandarua alikiona kitambaa tu.

"Kiache," akasema. "Mwewe haendi likizo."

Wakashuka. Bonde lilikuwa la kijani, mto umejaa, vidimbwi kila mahali. Bibi Kima akawapokea vizuri, akawapa chumba cha nyuma chenye kitanda kipana, akawaonyesha na ndoano ya chandarua darini. Bi Ngedere hakuitazama ndoano. Alikuwa akitazama mlango wa chumba cha mbele.

Jioni ya kwanza, kabla jua halijazama, Bi Mbega alizunguka ua mzima. Akamwaga maji yaliyotuama kwenye vifuu na vyungu vilivyovunjika. Kisha akaweka majani mabichi ya kivumbasi juu ya makaa, moshi wa kufukuza mbu ukajaa mlangoni. Akaleta fungu jingine la kivumbasi kwa Bi Ngedere, akamwambia akipenda afukize na kwake.

Bi Ngedere akapokea kwa mkono mmoja. Alipobaki peke yake akasema, "Ananifukiza mimi? Mimi nina pepo?" Akalitupa fungu nyuma ya nyumba.

Giza lilipoingia, mbu wakatoka vidimbwini wakiimba:

Nzii, nzii, hodi hodi,
aliyeacha mwanya katualika.

Asubuhi watoto wa Bi Ngedere waliamka na vivimbe miguuni, wanajikuna. Watoto wa Bi Mbega waliamka wanataka uji.

Jioni ya pili, Bi Mbega aliwavisha wanawe nguo za mikono mirefu, na suruali zilizofika kwenye vifundo. Akawaita waondoke mtoni mapema. Bi Ngedere yeye akawaosha wake, akawapaka yale mafuta mpaka wakang'aa, akawavika zile nguo fupi, akawakalisha barazani wapate kuonekana na bibi yao.

Alipomwona Bi Mbega akipita na watoto wake waliofunikwa, hakuweza kunyamaza. "Mwenzangu, unawapeleka wapi hao, kuzikwa? Mbona umewavika sanda?"

Bi Mbega akacheka. "Sanda hii ina mifuko, bibi wee. Shika watoto wako, jua linazama."

Bi Ngedere akaona amechekwa. Akawabakisha watoto barazani makusudi, mpaka nyota zikatoka. Mbu wakaja kwa vikundi:

Nzii, nzii, hodi hodi,
aliyeacha mwanya katualika.

Asubuhi Kitinda alikuwa amejikuna mpaka damu, na kucha zake zilikuwa na matope ya mtoni. Bi Ngedere akazipaka alama zote mafuta ya kunukia, ili Bibi asizione. Zikawasha zaidi.

Jioni ya tatu, Bi Mbega akaenda kisimani. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Bi Ngedere akachungulia, akakiona chandarua cha mwenzake: cheupe, kimefuliwa, kingo zake zimechomekwa chini ya godoro pande zote. Wivu ukampanda mpaka kooni. Akajiambia kwamba huyu kapewa kizuri, yeye alipewa kibaya, ndiyo maana chake alikifunikia vifaranga. Mwajua wivu ukishapata ulimi, hauishiwi maneno.

Akakiangua, akakikimbiza kwake, akakitundika. Lakini hakujua kukichomeka. Alikiacha kining'inie kama pazia la bibi harusi, kwa uzuri tu. Akawalaza watoto ndani, akalala.

Mbu wakaja. Wakazunguka, wakazunguka, wakaipata nafasi chini. Wakaingia wote. Na mwajua chandarua: kikichomekwa, mbu wa nje haingii, na kikiachwa na mwanya, akishaingia haoni pa kutokea. Mbu mkubwa akawaambia wenzake wasiwe na haraka, leo chakula na walaji wamefungiwa chungu kimoja. Wakaimba mpaka asubuhi.

Kulipokucha, Kitinda hakulia. Hilo ndilo lililomshtua mama yake. Mtoto aliyelia siku zote alikuwa amelala kimya, mguu umevimba kwenye kile kidonda cha kujikuna, na mwili una moto kama jiko.

Bi Ngedere akasimama katikati ya chumba. Akitoka na mtoto, wataingia. Wakiingia, watakiona chandarua. Wakikiona, mwiko umekwenda, na jina lake linabaki bonde zima kwamba ni mwizi kwa jamaa zake. Akafikiri amfunike mtoto, aseme amelala. Akalivuta shuka. Mkono wake ukagusa paji la Kitinda.

Akaliacha shuka, akafungua mlango. "Mwenzangu! Njoo umtazame mtoto."

Bi Mbega akaingia. Akakiona chandarua chake. Akakitazama mara moja tu, kisha akainama kwa mtoto. Akaagiza maji na sabuni, akaosha kidonda. Akaweka kitambaa cha maji baridi penye vivimbe. Akamwambia Zawena awakate wenzake kucha. Akapasua jani la mshubiri, akapaka utomvu wake kwenye alama zisizochubuka, na kidonda hakukipaka kitu.

"Kidonda na joto hili si vya majani," akasema. "Hivi ni vya Daktari Korongo. Mbebe, twende sasa hivi, wala tusingoje jua likali."

Wakaenda wote wawili kwa miguu, wakipokezana kumbeba. Daktari Korongo alimchoma Kitinda kidole, akapima damu, akasema si malaria. Ni uchafu wa kucha ulioingia kwenye kidonda. Akampa dawa, akawaambia dawa imalizwe hata mtoto akionekana mzima. Akawaambia pia mtoto akipata joto huku bondeni, au akiwa ametoka huku, wasikae nyumbani kubahatisha, damu ipimwe.

Njiani kurudi Bi Ngedere akasema kwa shida, "Nilikuibia."

"Niliona. Jana tulibanana na Bibi kwenye kitanda chake, anakoroma kama kiboko. Ungeniomba, ningekuonyesha na kukichomeka."

"Singeweza kukuomba."

"Najua," akasema Bi Mbega. "Mlete mtoto, zamu yangu."

Likizo ikaendelea. Kila jioni Bi Ngedere akamwaga maji, akafukiza kivumbasi, akawafunika watoto, akachomeka chandarua cha kuazima kutoka kwa jirani. Kitinda akamaliza dawa, akarudi kulia kama zamani, na mama yake akachoka kama zamani.

Ikafika jioni ya kuagana. Wali ukaiva, kisamvu kikaiva, jamvi likatandikwa. Bibi Kima akaja na mwiko. Kabla hajaukabidhi akamuuliza Bi Ngedere, kile chandarua alichomletea kiko wapi.

Bi Ngedere akatazama jamvi. Zawena akamjibu bibi yake: "Kipo nyumbani, kinalea vifaranga."

Bibi Kima akaugeuza mwiko mkononi. "Basi vifaranga wamelala vizuri," akasema, na mwiko akampa Bi Mbega.

Kifua cha Bi Ngedere kikawasha. Msidhani kilipoa, wivu hauoshwi kwa sabuni. Alitaka kusema neno, neno lilikuwa tayari mdomoni, lenye kucha. Kisha akamtazama Kitinda, aliyekuwa ameikalia mikono yake mwenyewe kama alivyofundishwa, alama zinamwasha naye hajikuni. Bi Ngedere akalimeza lile neno.

Bi Mbega akapakua. Sahani ya kwanza akampa Kitinda.

"Hesabu watoto," Bibi Kima akamwambia Bi Ngedere, "tujue kama wote wapo."

Akahesabu. Alianza na aliyekuwa karibu, akaenda na jamvi lilivyozunguka, manyoya marefu na manyoya mafupi pamoja, asiseme huyu wake huyu wangu. Akafika mwisho.

"Wote wapo," akasema. Wakala.

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili. Chandarua hulinda kikichomekwa, wala hakilindi kwa uzuri. Na wivu ni kama alama ya mbu: kuumwa utaumwa, lakini kidonda ni kazi ya kucha zako. Usipoukuna, hupoa.

Hadithi yangu imenawa mikono, inarudi kwao.

Iende salama.

Aliye karibu na mlango aufunge. Mbu wanaingia.