Machela ya Mzee Kirumbe

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya kuku mwenye mafua. Nasema, paukwa!

Pakawa!

Sasa nimesikia watu. Sogeeni. Hii ni kweli tupu, na anayebisha akamuulize aliyekuwepo, kama atampata.

Zamani hizo, milima ilipokuwa bado inarefuka, kulikuwa na kijiji kwenye mteremko. Mteremko mkali kweli. Ukidondosha kiazi mlangoni asubuhi, mchana unakwenda kukiokota bondeni kwa watu usiowajua. Mvua ilikuwa haieleweki, kwa hiyo watu waliishi kwa mfereji. Mfereji ulitoka kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa na mababu huko juu. Ukashuka, ukapinda, ukashuka, ukapinda, shamba hadi shamba, kila nyumba na zamu yake.

Mgawa maji alikuwa Mzee Kirumbe. Mtu mrefu, mawingu yakitaka kupita yanamwomba njia. Akikohoa, kuku wa kijiji cha pili wanataga. Lakini maneno yake yalikuwa machache, na sheria yake ilikuwa moja. Baragumu likilia, kila nyumba itoe jembe kuzibua mfereji. Nyumba isiyotoa jembe, haipati maji.

Puuuu! Majembe yanapanda. Ti, ti, ti, tope linatoka. Chururu, chururu, maji yanashuka.

Ilikuwa sheria nzuri. Haikujua tajiri, haikujua shemeji. Mzee Kirumbe aliwahi kumfungia maji ndugu yake wa tumbo moja, na wakaendelea kula pamoja, ingawa kimya kimya.

Sasa mwisho kabisa wa mfereji aliishi mjane, jina lake Naetwe. Alikuwa analea wajukuu ambao mama yao alishafariki. Alikuwa na kishamba cha magimbi na maharage, na hicho ndicho chakula chao, hakikuwa na mwenzake. Mwaka huo akateleza na mzigo wa kuni, nyonga ikatoka mahali pake. Kutembea basi tena.

Puuuu! Naetwe akalisikia baragumu akiwa kitandani. Akalitazama jembe lake pale ukutani. Akajaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha chini. Wajukuu walikuwa wadogo, jembe linawazidi urefu.

Maji yakashuka, chururu, chururu, yakafika kwa jirani, yakageuzwa. Naetwe alikuwa amekaa mlangoni, akayasikia yakienda. Hakulia. Aliwaambia wajukuu wachimbe magimbi machanga, maana kukomaa hayatakomaa tena.

Shamba likanyauka. Bibi akaanza kusema ameshakula kwa jirani. Wajukuu wakaamini. Wewe hapo usicheke, na wewe ulidanganywa hivyo hivyo ndiyo maana ukanenepa.

Puuuu! Baragumu likalia tena. Safari hii Naetwe alilifunga jembe mgongoni kwa kamba, akatoka anatambaa. Alitambaa asubuhi mpaka jua likawa utosini. Alipofika kwenye ndiva, watu walikuwa wanaosha majembe. Wakamwona anatokeza kwenye majani, magoti yana damu, jembe mgongoni.

"Shikamoo, mzee," akasema akiwa chini pale pale.

"Marahaba, mama. Umefuata nini?"

"Nimeleta jembe."

"Kazi imekwisha."

"Basi nionyeshe pa kesho nianze leo. Mwendo wangu unauona."

"Kwa nini hukutuma mtu aje anieleze?"

"Sheria yako haikusema mtu aeleze, mzee. Ilisema alete jembe."

Mzee Kirumbe akakaa kwenye tope, mtu mzima yule. "Sheria hii niliitunga mimi," akasema. "Niliitunga nikiwa nimesimama."

Siku hiyo hiyo akaamuru maji yaanzie kwa Naetwe. Akaongeza na neno: mgonjwa asidaiwe jembe, na maji apate.

Watu wakafurahi. Wakafurahi kupita kiasi. Baragumu lilipolia tena, kijiji kizima kinaumwa mguu. Wanaume waliokesha wanacheza ngoma wamefungwa majani ya dawa mpaka kiunoni. Mbwa wanachechemea. Jogoo mmoja alikuwa anatembelea mkongojo, na fundi aliyeuchonga ninamjua. Kwenye ndiva alifika mzee na watu wachache, tope likawashinda. Maji yakaja matone matone, yakaishia mashamba ya juu. Magimbi ya Naetwe, yaliyokuwa yameanza kuinua shingo, yakalala tena.

Baraza likaitwa. Naetwe alikuja amebebwa mgongoni na jirani. Akasimama Mbonea, kijana mwenye ng'ombe wengi, fundi wa kucheza, na mguu wake kaufunga kama mtoto mchanga.

"Mzee, turudi kwenye sheria ya zamani. Huruma imetuharibia mfereji. Huyu mama tutakuwa tunampelekea kiazi tukikumbuka."

"Mkikumbuka," Mzee Kirumbe akasema.

"Mwanangu Mbonea," Naetwe akasema taratibu, "wajukuu zangu wanakula kila siku. Wewe unakumbuka kila siku?"

Mbonea akaukuna mguu ule mzima.

Mzee akafikiri. Alifikiri mpaka moshi ukamtoka masikioni, watu wakakimbilia maji, na maji yenyewe hayapo. Kisha akasema, "Hakuna atakayebaki nyumbani. Mgonjwa atabebwa kwa machela mpaka kwenye ndiva. Akifika atakaa, atakanda udongo wa kuzibia nyufa, maana mikono haijavunjika. Na watakaombeba ni wakwe zake."

Nyinyi wa siku hizi, mnaochota sahani moja na wakwe, hamtaelewa. Zamani hizo mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni. Akimwona njiani anaingia kichakani. Kikiwa na miba, anaingia. Kikiwa na chui, chui anaombwa asogee kidogo.

Puuuu! Mlangoni kwa Mbonea akasimama mama mkwe wake, machela begani, na dada zake huyo mama wako nyuma.

"Mkwe wangu, panda," akasema, akiutazama ukuta. "Nasikia mguu."

Mbonea alitokea uani. Majani ya dawa yalibaki yanaelea hewani, yeye ameshafika kwenye ndiva, na mpiga baragumu bado hajavuta pumzi ya pili. Ikawa hivyo kila nyumba: mlango wa mbele mama mkwe, mlango wa nyuma mguu umepona. Ti, ti, ti, tope likaruka mpaka likachafua mwezi. Mnaona yale madoa? Basi.

Machela moja tu ilifika na mtu juu yake. Alikuwa Naetwe. Wamembeba ndugu za marehemu mumewe, ambao hawakuwa wamekanyaga kwake tangu matanga. Wakamshusha polepole. Hakuna aliyecheka. Akakanda udongo mpaka viwiko vikawa vyekundu, na Mzee Kirumbe akakaa kando yake, anammiminia maji ya kukandia.

"Unaumia, mama?"

"Naumia. Lakini leo nimo."

Maji yakashuka, chururu, chururu, mpaka mwisho wa mfereji. Naetwe akayaona yakiingia shambani kwake. Maharage yalichipua. Mjukuu mkubwa aliyala. Mdogo hakuyasubiri. Alikuwa ameshadhoofika sana, akafa kabla hayajatoa maua. Hapo siongezi kitu.

Mzee Kirumbe alikwenda kuchimba kaburi mwenyewe. Watu wakamwambia, "Mzee, sheria umeshaitengeneza, mfereji unajaa, usijilaumu."

Akasema, "Nimeitengeneza. Yeye alikuwa anaihitaji mwaka wa nyuma."

Tangu siku hiyo, kabla ya kupuliza baragumu, Mzee Kirumbe alikuwa anashuka kwanza mpaka nyumba ya mwisho ya mfereji. Anabisha hodi, anauliza, "Hapa mko wangapi, na mmekula?" Akishajibiwa ndipo anapanda kulipuliza. Alifanya hivyo mpaka alipozeeka, na waliomfuata wakafanya hivyo.

Kwa hiyo nyinyi mtakaopewa kugawa chochote cha watu wote, sikilizeni. Anayeweza kutembea, mtembezeni. Asiyeweza, mbebeni. Na msitangaze kwamba maji yametosha mpaka mmeshuka wenyewe kuitazama nyumba ya mwisho.

Hadithi yangu naitua chini hapa hapa. Mwenye mabega, aibebe.