Binti Asiyekuwa na Somo

Alikuwepo mkulima mmoja, Athumani Bura, mwenye shamba la uwele katika nchi ya udongo mwekundu, nchi ambayo mvua ikija kwa hasira huondoka na shamba. Wenyeji wa huko wanaijua. Radi inapiga, watu wanashangilia, maji yanashuka mlimani kwa kishindo, na asubuhi wanakuta korongo mahali walipopanda mbegu. Lakini mwaka aliozaliwa binti yake wa pekee, mvua ilikuja kwa namna nyingine. Ilinyesha taratibu, mchana na usiku, bila radi wala umeme, hata watu wakaanza kuisema kwamba haina nguvu. Mwaka ule vihenge vilijaa mpaka juu.

Athumani alishukuru. Akaenda kwa mwalimu wa madrasa kumuuliza kama lipo jina ambalo mtu anaweza kumpa mtoto akamshukuru Mungu kwa mvua ya namna ile. Mwalimu akamwambia kwamba Waarabu, kwa kuwa ni watu wa jangwani, hawaiti mvua zote kwa jina moja, na ile inayonyesha mfululizo kwa utulivu, bila radi, huiita dima. Neno lenyewe ni la ukoo mmoja na daima, na kudumu, tunayoyasema sisi kila siku. Na hata huko kwao si jina la kila nyumba. Athumani akasema, basi ni hilo hilo. Siku ya saba akachinja akika, mtoto akaitwa Dima.

Watu walicheka, na nyinyi msijifanye kwamba msingecheka. Kwetu jina ni undugu. Ukipewa jina la mtu, yule ni somo wako: atakuvika nguo, atakutetea ukionewa, na siku ya harusi yako atakaa mbele. Sasa huyu Dima somo wake nani? Mvua? Alikua akiwasikia wenzake wakiitana somo sokoni, wakikatiana muwa, wakisukana nywele, na yeye hana wa kumwita hivyo. Alipomlalamikia baba yake, baba alimwambia avute subira. Kisha baba akafa, na subira ikabaki kwa binti.

Dima aliolewa, hakujaliwa mtoto. Hapo ndipo palipouma. Jina la bibi hurudi kwa mjukuu. Bibi anazikwa, na jina lake linaendelea kuitwa uani. Asiye na mjukuu huondoka na lake. Dima alijua kwamba siku atakapofukiwa, ile shukrani ya baba yake itafukiwa pamoja naye, na hakuna kinywa kitakachoitamka tena. Alilia kwa ajili hiyo, nawaambia wazi, alilia sana. Kisha akafuta uso akainuka kwenda kupika uji.

Maana hiyo ndiyo kazi aliyojichagulia. Mwanamke yeyote akijifungua pale kijijini, Dima alimpikia uji wa uwele wenye samli na pilipili manga, akampelekea alfajiri, arobaini nzima. Hakutumwa na mtu. Hakukaa kupiga soga. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, akachukua chungu chake akaondoka. Watu wakamzoea. Na mwanadamu akishazoea kitu, hakioni tena. Nani kati yenu ameamka leo akaishukuru pumzi yake?

Katika kijiji hicho hicho alikuwepo Bi Zamda, mjane mwenye ng'ombe wengi. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamsengenya kwa sababu yangu. Alikuwa na ahadi moja, na aliitimiza siku zote: mtoto wa kike akiitwa Zamda, siku ya akika anafungiwa mlangoni mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mnacheka. Basi mnaelewa kijiji kilivyojaa akina Zamda. Mwalimu wa shule akiita jina hilo, nusu ya wasichana wanaitika. Jina la Dima hakuna aliyelifikiria. Somo wa uji atakupa nini? Uji unanywewa, unakwisha. Mtamba anazaa.

Sasa alikuwepo Mwajabu, mke wa mkulima maskini aitwaye Issa. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa mchanga, hata jina hajapewa. Majirani walikuja, walilia naye, walikaa matanga. Bi Zamda naye alikuja. Matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake, maana nani anapeleka zawadi ya uzazi kwenye nyumba isiyo na mtoto? Asubuhi yake mlango uligongwa. Alikuwa Dima na chungu cha uji. Na kesho yake akaja, na keshokutwa. Mwajabu alimgeuzia mgongo, akatazama ukuta, hakumjibu hata salamu. Dima hakumlazimisha kusema. Alimimina uji, akamkanda, akamfunga mkaja kama anavyofungwa mzazi yeyote, akaenda zake. Alifanya hivyo mpaka arobaini ikatimia, na siku moja katikati, Mwajabu alikuta ameunywa uji wote bila kujua.

Mungu akamrehemu Mwajabu, akampa mtoto wa kike. Issa alifurahi mara mbili. Ng'ombe wao wa pekee alikuwa ametumbukia korongoni akavunjika shingo, ndani hamna maziwa, na huyu mtoto ni wa kike. Kabla hata kitovu hakijaanguka, Issa alishatuma salamu kwa Bi Zamda. Siku ya saba ua ulijaa watu. Bi Zamda alikaa mbele, amependeza, na mtamba amefungwa nje anatafuna majani. Dima alikuwa nyuma kwenye moshi na wapishi, kama kawaida yake. Shehe akauliza mtoto anaitwa nani. Issa akafungua kinywa. Mwajabu, aliyekuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani, hakuwahi kumkatiza mumewe mbele za watu. Siku ile alimkatiza.

"Mwanangu wa kwanza nilipomzika, uji haukukoma kuja. Huyu anaitwa Dima."

Wanawake wenye akina Zamda wao waliinamisha macho, kila mmoja akikumbuka alfajiri zake mwenyewe. Bi Zamda aliinuka, akamwombea mtoto dua njema, akafungua mtamba wake akaenda naye, kwa kuwa ahadi ni ahadi kwa pande zote mbili. Issa alimsindikiza kwa macho yule mtamba mpaka akapotea njiani. Alinuna siku nyingi, wala mimi simlaumu. Kukosa maziwa na mtoto mchanga yumo ndani si mchezo. Lakini Mwajabu alijua bei kabla hajasema. Shukrani isiyokugharimu chochote ni adabu ya mdomo tu.

Habari ikafika jikoni. Aliyempelekea Dima ilibidi airudie, maana Dima alidhani anaitwa kuleta maji. Alipoelewa, alikaa chini juu ya kuni, mwiko mkononi, akasema alhamdulillahi. Aliwashukuru wote, akamshukuru na baba yake kaburini, akamshukuru Mola aliyemchelewesha bila kumsahau. Uji wa siku ile uliungua. Watu waliunywa hivyo hivyo na harufu yake, na hakuna aliyenung'unika. Kisha Dima alikwenda akamfunika mtoto kwa kanga aliyokuwa amejitanda, kwa kuwa hakuwa na nyingine iliyo bora, na wenyewe walimpisha akakaa mbele, mahali pa somo.

Toka hapo jina lile si geni tena katika nchi ile. Akina Zamda bado wanazaliwa, mitamba bado wanafungwa milangoni, na si vibaya, mtoto anahitaji maziwa. Lakini ukipita jioni kwenye nyua za watu utasikia Dima akiitwa akaoge, Dima akigombezwa kwa kuvunja kibuyu, Dima akiimbiwa alale. Mwenyewe aliyasikia hayo kabla hajafa. Alikuwa akisimama njiani kuyasikiliza, mtu mzima na chungu chake kichwani, akitabasamu peke yake.

Nyinyi mnanijia kila siku mkisema, Mwalimu, nitafutie jina la Kiarabu, liwe na maana nzuri, lisiwe la kila mtu. Nawapa, maana majina hayaniishi. Ila mtu hajui maana ya jina mpaka amwone aliyelibeba. Wapo waliotupatia neema kwa vigelegele, tukawapigia makofi, na ilikuwa haki yao. Na wapo waliotulisha kimyakimya, nasi tukarudisha vyombo vitupu bila hata neno. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; mimi naongeza kwamba na kuona nako ni moyo. Basi nijibuni, na msijibu haraka: wageni wote walipoondoka nyumbani kwako, ni nani aliyeendelea kuja, na je, umewahi kumwambia kwamba ulimwona?